Tangi Halitoki

Wifi wa Mama Mvuke hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, mkoba begani, akiupima ukuta kwa macho kama fundi anayetaka kuubomoa.

"Kitanda cha Mama kitakaa hapa," alisema, akinyoosha kidole kwenye tangi la vioo lililokuwa kando ya dirisha. "Hiki kibwawa chenu kitafutiwe mnunuzi."

"Kitanda kitakaa pale," alijibu Mama Mvuke, mwenye tangi, akionyesha ukuta wa pili. "Kochi ndilo litakaloondoka. Tangi halitoki."

Mumewe, kinyozi ambaye kazini mdomo wake hufanya kazi kuliko mkasi, ghafla alishikwa na kiu akaenda jikoni.

Ukoo mzima ulimwita wifi huyu Waziri, na hakuna aliyemchagua. Alikuwa mkubwa kuliko kaka yake kinyozi, mtu wa ofisi, na tangu baba yao afariki hakuna harusi, matanga wala deni la shule lililopita bila sahihi yake. Sasa alikuwa ameamua kwamba mama yao asiendelee kuishi peke yake, na kwamba ataishi kwa kinyozi. Hilo halikubishaniwa. Chumba cha kulala kilikuwa juu ya ngazi nyembamba, na magoti ya mama mkwe yalishaapa kutopanda ngazi tena, kwa hiyo mzee angelala sebuleni. Hilo nalo halikubishaniwa. Kilichobaki ni tangi.

"Watoto wamekua, wameondoka, sasa unalea mawe," alisema Waziri.

"Si mawe. Ni wanyama."

"Wanyama wasio na miguu, wasio na macho, wasio na sauti. Ungefuga kuku, wifi, angalau tungekula mayai."

"Kuku nawajua," alisema mwenye tangi. "Ukiwa na hamu ya kuku nitakupikia. Hawa hawapikwi."

Jina la Mama Mvuke alipewa kazini, na mtaani likashika. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja nyuma ya mtaa wa maduka, kwenye chumba kirefu ambamo mabomba ya mvuke yalipita juu ya meza yakinong'ona kutwa. Hapo ndipo alipotumia ujana wake na sehemu kubwa ya kilichofuata. Alijua kwamba kola hupigwa kutoka ncha kuelekea katikati, la sivyo mkunjo hukimbilia mahali pale pale mteja atakapouona akijitazama kwenye kioo. Alijua sufu inataka kitambaa kibichi juu yake, na kwamba hariri haina msamaha. Wenzake walikuwa wakimaliza kazi wanajimwagia maji. Yeye alikuwa akimaliza kazi anakwenda kutazama maji.

Tumbawe hai aliliona mara ya kwanza kwa daktari wa meno, akiwa na shavu lililovimba kama andazi. Kwenye chumba cha kusubiria kulikuwa na tangi la maji ya chumvi, na ndani yake kitu chenye vidole vya kijani vikipepea pasipo upepo. Alipouliza huo ni mmea gani, msichana wa mapokezi alimwambia kwamba si mmea, ni mnyama, na anajijengea nyumba yake mwenyewe ya mifupa. Jino likaacha kuuma, au yeye akaacha kulisikiliza.

"Kutwa nanyoosha vitu vya watu," alimwambia mumewe usiku ule. "Nataka kitu kimoja kisichonyooshwa."

Kinyozi alicheka, lakini mbao za kutengenezea meza ya tangi alizibeba yeye. Tangu hapo alilibatiza tangi jina. "Mume mwenzangu amekula?" aliuliza kila akirudi. "Mume mwenzangu hana homa leo?"

Homa lilikuwa swali la haki, maana tangi la kwanza lilikufa kwa homa. Mama Mvuke alikuwa akipima maji kwa mkono. Mpiga pasi hupima kila kitu kwa mkono: kidole chenye mate kwenye chuma, kiganja juu ya kitambaa. Akirudi kazini alitumbukiza kifundo cha mkono ndani ya maji, akayaona yametulia, ya kuogeshea mtoto, akalala kwa amani. Lakini mkono uliokaa kutwa kwenye mvuke ni shahidi wa uongo. Maji yalikuwa yamepita nyuzi thelathini na moja. Yeye aliona ubaridi kwa sababu alitoka kwenye moto. Matumbawe yakapauka, yakawa meupe kama mashuka ya hoteli, kisha yakatoka ute, kisha yakanuka.

Waziri alikuja siku hiyo, akaziba pua, akasema ndiyo basi.

Haikuwa basi. Mama Mvuke aliosha vioo, akanunua vipimajoto viwili, kimoja kila upande, kwa kuwa kimoja kikidanganya, cha pili kitamsuta. Alijifunza kwamba maji yanatakiwa yakae kwenye nyuzi ishirini na sita, juu kidogo au chini kidogo, na kwamba tumbawe huchukia kuyumbishwa kuliko linavyochukia joto lenyewe. Maji yakipanda asubuhi na kushuka jioni, leo na kesho, litachoka na kufa hata kama hakuna siku iliyozidi kiasi. Alitoa kifuniko cha kioo akaweka wavu, samaki wasiruke, hewa ipite. Taa, ambazo nazo hupasha maji, alizihamishia saa za jua kuzama. Na alifunga feni ndogo iliyopuliza uso wa maji mfululizo, ili maji yakiwa mvuke yaondoke na joto lake. Mvuke aliujua. Ukitoka kwenye nguo, nguo hupoa. Ukitoka kwenye maji, maji hupoa. Chumvi haitoki, kwa hiyo kila asubuhi alijazia maji baridi yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, hadi kwenye alama ya wino.

Tangi la pili liliishi. Lilikuwa na samaki wachache wa rangi ya machungwa, na matumbawe ambayo kinyozi aliyapa majina kwa mitindo ya kichwa: Shungi, mwenye vidole virefu, Kipara, aliyetanda juu ya jiwe, na Msuko, aliyejikunja kama ubongo. Watu wa mtaani waliokuja kunyolewa walipelekwa kuona.

Basi kochi likaondoka, kitanda kikaingia, na mama mkwe akaja na sanduku moja, mito mitatu na sweta nne, katika majira ya joto.

Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kupita kelele za mashine. Miaka yake ya kazi alikuwa ameimalizia kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha nyama, akipanga mapaja ya ng'ombe kwenye ndoano na koti la pamba likiwa limeganda mabegani. Baridi ile alitoka nayo. Ilimkaa magotini na kwenye vifundo vya vidole kama mpangaji asiyelipa na asiyehama. Upepo wowote, hata wa kitabu kinachofunguliwa, alisema anausikia kwenye mfupa.

Na feni ya tangi ilielekea kitandani.

Mama Mvuke alipotoka kwenda kazini aliiacha inazunguka. Aliporudi aliikuta imezimwa, dirisha limefungwa, na juu ya wavu kumetandikwa shuka, limechomekwa pembeni vizuri kama kitanda cha mgonjwa. Kipimajoto kilisema ishirini na nane. Aliondoa shuka, akafungua dirisha, akawasha feni, akaenda kupika. Mama mkwe alimtazama kutoka kitandani. Kesho yake ikawa vile vile. Vita vya swichi vikaanza, vita vya watu wawili wenye adabu. "Umeshindaje, Mama?" "Salama, mwanangu. Pole na kazi." Huku mmoja akiwasha na mwingine akisubiri aende jikoni ili azime. Mama Mvuke aliigeuza feni kidogo. Mama mkwe alikisogeza kitanda kidogo. Chumba hakikuwa na nafasi ya kuongeza "kidogo" nyingine.

Mwenye kuleta maneno alikuwa Waziri. Alikuja akamkuta mama yake amejifunga sweta mbili na skafu, joto lote lile, na feni inavuma.

"Mama akipata kikohozi kwa ajili ya samaki," alimwambia kaka yake mlangoni, kwa sauti iliyokusudiwa kufika jikoni, "mimi nitalitoa kwa mikono yangu. Tena Jumapili nakuja na mnunuzi. Nimeshaongea naye."

Kinyozi alimfuata mkewe jikoni. "Mke wangu, labda..."

"Labda nini?"

"Labda tulipumzishe. Kwa muda."

"Tumbawe halipumzishwi, baba. Kichwa cha mteja ukikinyoa nusu, unakipumzisha?"

Kinyozi alifikiri. "Inategemea mteja," alisema, lakini hakuendelea.

Ijumaa joto lilipanda hadi lami ya barabarani ikanata viatu. Mama Mvuke aliomba ruhusa wakati wa chakula cha mchana akarudi nyumbani mbio, gauni limemganda mgongoni. Mlangoni tu alijua. Sebule ilikuwa kama chumba cha pasi: dirisha limefungwa, feni kimya, shuka limetandikwa. Alilivuta. Shungi alikuwa amejirudisha mzima ndani ya mfupa wake. Kipara alianza kupauka upande wa juu. Samaki walikuwa juu kabisa, wanatweta, kwa kuwa maji ya moto hayashiki hewa. Vipimajoto vyote viwili vilikubaliana kwa mara ya kwanza wiki ile: nyuzi thelathini na nusu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, mito nyuma, anamtazama.

Siku nyingine angewasha feni akaenda jikoni. Safari hii alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Mama, nakuambia usoni. Hili tangi siliondoi. Wewe ni mama yangu, hapa ni kwako, hutoki. Na lenyewe halitoki. Ukizima ile feni, wanyama wangu wanakufa. Jana walikuwa wanakufa, leo wanakufa. Usiizime tena."

Kisha mzee akacheka, kicheko kikavu kilichoanzia kifuani.

"Hatimaye! Nilishaanza kusema mwanangu ameoa bubu."

"Mama?"

"Unawasha, unaondoka. Unawasha, unaondoka. Mimi najua hiyo feni ni ya nini? Nilidhani unajipoza sebule ukirudi kutoka kwenye mivuke yako. Na wale nikawaona wako uchi kwenye maji, kutwa wanapulizwa. Nikasema maskini, nao wana mifupa." Alilitazama shuka lililo sakafuni. "Nikawafunika."

Mama Mvuke hakujua acheke au alie, kwa hiyo aliinuka. Aliwasha feni, akafungua dirisha. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshatoka kwenye friza, anakuja anachechemea na trei ya barafu.

"Hapana, Mama! Usimwage!"

"Si yanataka baridi?"

"Barafu ni maji yasiyo na chumvi. Ukiimwaga, chumvi inapungua na baridi inawapiga ghafla. Wataona mauti mawili kwa mpigo. Lete ile chupa ya maji iliyoganda, imefungwa. Ielee. Ikiyeyuka tunaweka nyingine. Pole pole."

Mzee alisimama na trei yake, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia lugha ya nyumbani. "Nyama nayo hivyo hivyo," alisema. "Ukiitoa kwenye baridi kali ukaipeleka juani, inapasuka na kutoa maji. Kumbe una chumba cha baridi humu ndani, mwanangu, na hukusema."

Mama Mvuke hakurudi kazini mchana ule. Walikaa pamoja mbele ya kioo, wanabadilisha chupa. Feni ilivuma. Baada ya muda mzee alianza kusugua magoti, na mkwe wake aliona.

"Inakuumiza."

"Inaniuma. Sikudanganyi." Mama mkwe aliitazama feni, kisha kitanda, kisha dirisha lililotazama ukuta wa jirani, ambako jua halikufika. "Kiwandani mlango wa chumba cha baridi ulikuwa unafunguliwa kila mara, magari yanaingia na kutoka. Unajua nini kilizuia baridi isitoke? Si mlango. Ni mapazia. Vipande virefu vya plastiki, vimening'inia, kimoja kimelalia kingine. Unapita, vinajifunga. Huku jasho, kule barafu, katikati plastiki tu."

Mama Mvuke alimtazama. Kwa dobi kulikuwa na rundo la mifuko mirefu ya plastiki ya kufunikia suti, iliyochanika, ambayo tajiri wake alikuwa akiichoma.

Jumamosi kinyozi alikuta mkewe na mama yake wamekaa sakafuni, katikati ya bahari ya plastiki, wanakata. "Siulizi," alisema, akaambiwa apande kiti apige misumari. Walivuta waya kutoka ukuta hadi ukuta, tangi na dirisha vikabaki upande mmoja, kitanda upande wa pili. Vipande vilishonwa tabaka tatu tatu ili viwe vizito, na chini ya kila kimoja kikabanwa kibanio cha nguo kisipeperuke. Upepo ulipita juu ya maji, ukachukua unyevu, ukatoka nao dirishani. Upande wa kitanda, mama mkwe alinyoosha mkono, akasubiri, akavua skafu.

"Hakuna," alisema. "Sweta moja nitabaki nayo kwa heshima."

Kipara hakupona. Nusu yake ilibaki nyeupe, na Mama Mvuke aliikata kwa kisu akaitoa, macho makavu, ili isiwaambukize wengine. Shungi alitoa ncha za vidole jioni, kwa kusita, kama mtu anayechungulia kuona wageni wameondoka.

Wageni walikuja Jumapili. Waziri alitangulia, nyuma yake muuza samaki wa mapambo akiwa na ndoo tatu, na mtu wa mkokoteni akabaki nje. Waziri alisimama mbele ya mapazia.

"Haya ni nini? Bucha?"

"Karibu na hapo," ilisema sauti ya mama yake kutoka kitandani.

"Mama, vumilia kidogo tu, leo tunakuondolea hiki kitu."

"Kitu gani?"

"Tangi, Mama. Linakuumiza."

Mama Mvuke alitoka ndani ya mapazia, kibanio mkononi. "Tangi halitoki, wifi. Nilikuambia ukiwa hujaleta ndoo. Sasa nakuambia ukiwa nazo."

"Sikuulizi wewe. Namuuliza mwenye nyumba." Waziri alimgeukia kaka yake.

Kinyozi alitazama mlango wa jikoni. Aliutazama kwa muda mrefu. "Halitoki, dada," alisema mwisho, na Waziri akamkodolea macho kana kwamba kiti kimezungumza.

Hapo ndipo umeme ulipokatika. Feni ilizunguka kwa uvivu, ikasimama. Pampu nayo ikanyamaza, na ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. Muuza samaki, ambaye hadi wakati huo alikuwa akihesabu faida, alisikia ukimya huo akaweka ndoo chini.

"Mama, una jagi?" alimwuliza Mama Mvuke. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hilo hapo. Chota, mimina kutoka juu, yapate hewa. Usiguse mawe."

"Najua, mama. Najua."

"Na wewe," mama mkwe alimwita binti yake, "acha kusimama kama mlingoti. Chupa ziko kwenye friza, leta moja. Moja! Usilete trei."

"Mama, mimi nimekuja ku—"

"Ulikuja kunisaidia au hukuja?"

Waziri alileta chupa. Hakuna aliyempokea, kila mtu alikuwa na kazi, kwa hiyo alilazimika kupita mwenyewe kwenye plastiki na kuiweka majini kwa mkono wake, mkono wa shati umelowa hadi kiwiko. Mumewe Mama Mvuke alipepea uso wa maji kwa kitambaa cha kunyolea. Mtu wa mkokoteni alichungulia mlangoni, akaulizwa kama anajua kupepea, akapewa kifuniko cha sufuria. Joto la chumba lilipanda, jasho likawatiririka wote, na vipimajoto vikasimama pale pale: ishirini na saba, havipandi.

"Ngapi sasa?" aliuliza Waziri, kabla hajakumbuka kwamba hapendi kujua.

"Ishirini na saba," alisema Mama Mvuke. "Lete nyingine."

Umeme uliporudi, pampu ilikohoa, ikaendelea. Muuza samaki alifuta mikono, akainama karibu na kioo, akatazama. Shungi alikuwa ametoa vidole vyote, virefu, vinapepea.

"Mimi hili silinunui," alimwambia Waziri, akichukua ndoo zake. "Aliyelilea hivi akiniuzia kwa kulazimishwa, litanifia mkononi." Akatoka na mtu wa mkokoteni, bado kifuniko cha sufuria mkononi mwa yule bwana hadi kinyozi alipomkimbilia.

Waziri alikunja mkono wa shati uliolowa. Alimtazama mama yake, aliyekuwa ameegemea mito, hana skafu, anakula karanga. Alimtazama wifi yake, aliyesimama mbele ya mapazia kama mlinzi wa benki.

"Msidhani yamekwisha," alisema, akiweka mkoba begani. "Nitarudi."

"Karibu sana, wifi," alisema Mama Mvuke, akibana kibanio cha mwisho mahali pake. "Tangi utalikuta. Ukija, njoo na chupa za barafu."